Kaskazi, Kusi na Bara: Msamiati wa Bahari Utazamwapo Kutoka Kibondo na Kasulu



Mtoto wa shule ya msingi wa Kibondo akiulizwa Kakonko iko upande gani, hujibu bila kusita kwamba iko kaskazini. Akiulizwa Uvinza, husema kusini. Majibu hayo ni sahihi, na mwalimu humpa alama zake. Lakini kwa majibu hayo mawili mtoto huyo, ambaye pengine hajapata kuiona bahari, ametaja pepo mbili za Bahari ya Hindi. Kaskazi ni upepo uvumao kutoka pande za Arabuni na Bara Hindi, takriban tangu Desemba hadi Machi. Kusi ni upepo wa upande wa pili, uvumao katikati ya mwaka, na ndio uliowarudisha mabaharia makwao. Wasafiri wa majahazi walizitaja pande za dunia kwa majina ya pepo zilizojaza matanga yao. Lugha ikaongeza kiambishi cha mahali, -ni, na kumkabidhi kila azungumzaye Kiswahili, hata aliyezaliwa katika vilima vya Uha, dira iliyoundwa ndani ya chombo cha baharini.

Katika mhadhara huu nakusudia kueleza namna bahari na mikondo yake inavyolizunguka na kulifinyanga bara letu, na namna Kiswahili kinavyoitaja kazi hiyo. Nimechagua kusimama Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma, kwa sababu maelezo mengi ya bahari tuliyo nayo katika lugha hii yametolewa na mtu aliyesimama pwani akitazama nje. Tujaribu leo kutazama kutoka ndani. Huko ndani ndiko tunakotazamia neno *bara* liwe wazi kuliko kwingine kote. Nami nitajaribu kuonyesha kwamba huko ndiko linakotatiza zaidi.

Bara na Pwani

Neno *pwani* ni la Kibantu na halina siri: ni mahali pa kupwa, yaani mahali ambapo maji hushuka na kuacha mchanga wazi. Neno *bara* limetoka katika Kiarabu, ambamo maana yake ni nchi kavu ikilinganishwa na bahari. Maneno haya mawili yamekaa pamoja kwa karne nyingi kama watu wawili wanaoelekeana ukumbini: kila moja hupata maana yake kwa kulitazama lingine.

Jambo hili halikuwa na taabu hadi lugha ilipopewa kazi ya kufundishia jiografia. Sasa *bara* ni Afrika, Asia na Ulaya, yaani pande kubwa za nchi zilizozungukwa na bahari. Wakati huohuo *bara* ni sehemu iliyo mbali na bahari. Tena *bara* ni ile Tanzania isiyokuwa visiwa vya Unguja na Pemba, na kwa maana hiyo Tanga, Bagamoyo na Mtwara, miji ya pwani, iko Tanzania Bara. Sijataja *Bara Hindi*, ambalo si bara kamili kwa hesabu ya wanajiografia lakini limekaa na jina lake kwa heshima. Mtu wa Unguja huona Bagamoyo kuwa bara. Mtu wa Bagamoyo huona Tabora kuwa bara. Mtu wa Tabora akitaka anaweza kumwonyesha kidole mtu wa Kasulu. Mtu wa Kasulu hana wa kumwonyesha, kwa kuwa magharibi yake liko Ziwa Tanganyika, na aliye upande ule mwingine haitwi mtu wa bara. Ana jina lake, nami nitalirudia mwishoni.

Mwanafunzi anayesoma kwamba bara limepakana na bahari, kisha akaambiwa na jirani yake kwamba yeye ni wa bara kwa sababu hakupakana na bahari, hana kosa akichanganyikiwa. Neno moja limetumika kutaja kitu kizima na pia moyo wa kitu hicho usioguswa na mpaka wake. Ningependa kusema kwamba ni mkanganyiko wa darasani tu. Kwa maoni yangu una uzito zaidi, kwa sababu unampa mtu wa Kibondo kuamini kwamba bahari haimhusu.

Kuhusu *bahari* yenyewe, baadhi ya wataalamu wa istilahi wamelalamika kwamba Kiswahili hakitenganishi bahari pana, kama ya Hindi au Atlantiki, na bahari ndogo iliyobanwa na nchi, kama Bahari ya Shamu. Wapo waliopendekeza *bahari kuu* kwa ile ya kwanza. Tatizo ni kwamba neno hilo limekwisha kuajiriwa: katika sheria zetu za uvuvi, bahari kuu ni maji yaliyo mbali na pwani, na ipo mamlaka ya serikali yenye kusimamia uvuvi huko. Mimi sioni hasara kubwa katika upungufu huu. Mvuvi wa Kilwa hakuhitaji maneno mawili, maana bahari aliyoijua ilikuwa moja. Alichohitaji ni maneno ya mwendo wa maji na upepo, na hayo alikuwa nayo tele: bamvua na maji mafu, matlai na umande, maleleji na tanga mbili. Jambo la kusikitisha ni kwamba vitabu vya shule vilichukua *bahari* na *mkondo* vikayaacha haya mengine ufukoni.

Mkondo unavyochora pwani

Mkondo ni maji yanayokwenda ndani ya maji. Katika Bahari ya Hindi, kusini ya ikweta, uko mkondo mpana uendao magharibi, unaopita kaskazini ya Madagaska na kuikuta pwani ya Afrika karibu na Rasi Delgado, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji. Hapo hugawanyika. Tawi moja hushuka kusini, kuelekea mlango wa bahari wa Msumbiji. La pili hupanda kaskazini mwaka mzima, likipita Mtwara, Mafia, Unguja na Mombasa. Wakati wa kusi tawi hili husukumwa kwa nguvu na kuungana na mkondo wa Somalia, ukawa mmoja wa mikondo yenye kasi sana duniani. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hugeuka ukashuka. Mikondo miwili hukutana katika maji ya kaskazini ya Kenya, na yote pamoja hukata kona kwenda mashariki, baharini. Hakuna bahari nyingine kubwa ambayo mikondo yake hugeuka namna hii kwa kufuata majira.

Nahodha wa Maskati au wa Hadhramaut aliyajua haya bila ramani. Kwa msimu mmoja wa kaskazi angeweza kufika Lamu, Mombasa na Unguja, akauza, akanunua, akangojea kusi na kurejea. Akitaka kufika mbali zaidi ya Kilwa, hesabu ya siku ilikuwa ngumu. Nami siwezi kujizuia kutaja kwamba jamii za Waswahili zimeenea tangu Barawa hadi kwenye visiwa vya Kerimba, penye Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili. Yaani kusini zinaishia kwa wingi wake si mbali sana na pale mkondo unapogawanyika. Sidai kwamba maji ndiyo yaliyochora mpaka wa lugha. Biashara, dini na ndoa zilifanya kazi kubwa zaidi. Nasema tu kwamba maji yaliamua chombo kingefika wapi, na lugha ilikuwa ndani ya chombo.

Upande wa pili wa bara mambo ni tofauti kabisa. Mkondo wa Benguela, wenye maji baridi, hupanda kutoka kusini ukiambaa pwani ya Namibia na Angola. Maji baridi hayatoi mvuke wa kutosha kuleta mvua, na hivyo jangwa la Namib limekaa ukingoni kabisa mwa bahari, mawimbi yakipiga na mchanga ukiwa mkavu. Kumbe kukaa karibu na bahari peke yake hakumpi mtu mvua. Inategemea maji yaliyo mbele yake yametoka wapi.

Tone la mvua la Kibondo

Hapa ndipo Kibondo na Kasulu zinapoingia. Nyanda hizi zimeinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Kibondo hadi Bahari ya Hindi, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 1,000. Hadi Atlantiki ni kama mara mbili ya hizo. Mtu angetazamia maji ya Kibondo yaelekee mashariki, kwenye bahari iliyo karibu, ambayo ndiyo iliyoleta lugha, dini, shanga na nguo. Hayaendi huko. Mto Malagarasi huanzia katika milima ya mpakani mwa Burundi na Tanzania, huenda kaskazini-mashariki kwanza, ukazunguka kwa upinde mkubwa, ukaingia katika mabwawa ya Moyowosi, ambayo pamoja na bonde lake yaliandikishwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza la Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar, kisha ukageuka magharibi na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Ziwa nalo hutokea kwa Mto Lukuga, penye mji wa Kalemie. Lukuga huingia Lualaba. Lualaba ndio Kongo. Na Kongo huingia Atlantiki kwa nguvu inayozidiwa na Amazoni peke yake, hata umechimba korongo refu chini ya bahari yenyewe. Ukivuka Kakonko ukaelekea Ngara, mambo hubadilika tena: maji ya Ruvubu huingia Kagera, na kwa Ziwa Viktoria na Naili hufika Mediterania.

Kwa maneno mengine, mkoa huu uko karibu na mgongo unaogawa maji ya bahari mbili, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo Bahari ya Hindi. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Katika Uha lugha ilifuata njia yake na maji yakafuata yao, na njia hizo zilipishana.

Hata hivyo haifai kukuza mambo. Sehemu kubwa sana ya maji yaingiayo Ziwa Tanganyika hugeuka mvuke kabla ya kuifikia Lukuga. Tone la Kibondo lina nafasi ndogo ya kufika Atlantiki likiwa tone la maji. Lina nafasi kubwa zaidi ya kupanda angani na kuanguka tena mahali pengine. Stanley alipofika kwenye mdomo wa Lukuga mwaka 1876, miaka miwili baada ya Cameron, aliukuta umezibwa na matope na mafunjo. Mwishoni mwa mwongo huohuo kizuizi kilikuwa kimevunjika, na maji yalionekana yakitoka kwa kasi. Kwa hiyo ziwa hili si mfereji tu wa kupitishia maji. Miaka mingine hufunguka, mingine hukaribia kufungika.

Wazungu walitatizwa sana na maji haya, na sehemu ya utata huo, naamini, ilikuwa ya kilugha. Katikati ya miaka ya 1850 wamisionari Erhardt na Rebmann walichora ramani iliyoonyesha bahari moja kubwa sana katikati ya Afrika Mashariki, ndefu na iliyopinda kama konokono asiye na gamba. Hawakuwa wamefika huko. Waliwauliza wasafiri wa misafara katika miji mbalimbali ya pwani, na kila msafiri, aliyekwenda kutoka Kilwa, au Mrima, au sehemu za Tanga na Mombasa, alijibu kwamba mwisho wa safari ni maji makubwa. Yalikuwa maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na Viktoria. Lakini mtu akiambiwa *bahari*, *ziwa* au *nyanja*, maneno ambayo wasemaji wa bara na wa pwani hawakuyapimia kwa kipimo kimoja, ni rahisi kuunganisha maji matatu yakawa moja. Burton na Speke walitumwa kwenda kupima, nao wakafika Ujiji Februari 1858. (Neno *nyanja*, tukiwa hapo, limekwisha kuhama maji kabisa, leo tunazungumzia nyanja za elimu na nyanja za uchumi, na wachache hukumbuka kwamba mtu angeweza kuzama ndani yake.)

Mvua, chumvi na ufa

Vitabu vya shule hufundisha kwamba tuna mvua za masika na mvua za vuli. Hiyo ni kweli Tanga na Dar es Salaam, ambako ukanda wa mvua hupita mara mbili kwa mwaka ukifuata jua. Kasulu ina msimu mmoja wa mvua, tangu Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi. Aidha, sehemu ya mvua hiyo hailetwi na Bahari ya Hindi. Huletwa na hewa yenye unyevu itokayo bonde la Kongo na, nyuma yake, Atlantiki. Mkulima wa maharage wa Kasulu anapotazama mawingu yakipanda upande wa ziwa anatazama bahari ya mbali zaidi, ingawa kalenda aliyofundishwa shuleni ni ya bahari ya karibu. Na ile ya karibu haimsahau. Katika miaka ambayo maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalipata joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, kama mwaka 1997 na mwaka 2019, mvua zilizidi sana katika Afrika Mashariki. Katika mwaka 2020 na 2021 Ziwa Tanganyika lilijaa hata likafurika katika maeneo ya bandari na makazi ya ukingoni.

Chumvi pia inatufundisha. Mwanafunzi wa Kiswahili hujifunza *maji chumvi* ya bahari na *maji baridi* ya mto na ziwa, kana kwamba chumvi ni ya pwani. Mto Ruchugi, utokao upande wa Kasulu, huungana na Malagarasi pale Uvinza, na pale zipo chemchemi za maji ya chumvi. Utafiti wa akiolojia umeonyesha kwamba chumvi ilichemshwa hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Watu wa nyanda za juu na majirani zao wa Burundi walikula chumvi hiyo muda mrefu kabla ya msafara wa kwanza wa pwani kutia mguu Ujiji. Hawakuingojea bahari iwatie ladha.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko yote uko chini ya ardhi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo sakafu yake iko kama mita 700 *chini* ya usawa huo. Mtu wa Kasulu, mkazi wa mlimani, aliye bara kuliko wote, ana jirani aliye chini zaidi ya bahari. Sababu ni Bonde la Ufa. Bamba la ardhi linalobeba Afrika linapasuka polepole, milimita chache tu kwa mwaka, na milima ya Kasulu na Buhigwe ni mabega ya ufa huo. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko kubwa lilitokea upande wa Kongo wa ziwa, na Kigoma nzima ilitikisika. Wanasayansi wanaamini kwamba Malagarasi ni mkongwe kuliko ziwa. Kwamba ulikuwa ukitiririka moja kwa moja hadi Kongo kabla nchi haijazama kati yake, na aina kadhaa za samaki wake zina jamaa katika mto ule hadi leo. Bahari ya Shamu ilianza vivyo hivyo: ufa, kisha ziwa, kisha maji chumvi yakaingia. Ikiwa kupasuka huku kutaendelea kwa mamilioni ya miaka, patakuwa na pwani karibu na Kasulu. Sisemi kwamba kutaendelea, maana nyufa nyingine hukoma. Nasema tu kwamba bara na bahari si vitu viwili vilivyowekwa mara moja. Bara hupasuka, na bahari huanzia ndani yake.

Ng'ambo

Nilisema mtu aliye upande ule wa ziwa ana jina. Yuko *ng'ambo*. Asili ya neno hili ni upande wa pili wa maji. Mjini Unguja ni mtaa ulio upande wa pili wa hori lililoutenga na Mji Mkongwe. Katika ofisi za Dar es Salaam ng'ambo ni Ulaya na Marekani, mahali pa kwenda kusoma. Kigoma, ng'ambo ni Kongo, na katika siku ya mawingu machache milima yake huonekana kwa macho.

Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa Kiswahili kilivuka maji haya pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa, kikaingia Manyema, kikapata makazi na sura mpya. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, wengi wao kutoka Fizi na sehemu nyingine za Kivu ya Kusini, nao walikuja na Kiswahili hicho. Mwezi Mei 2015 Warundi kwa maelfu walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, na meli ya Liemba, iliyoteremshwa majini Kigoma mwaka 1915, iliwabeba hadi mjini ili wapelekwe Nyarugusu. Mwaka huohuo kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena. Kwa Mkongo aliyelelewa kambini, ng'ambo si masomoni. Ni kwao.

Kamusi ikiweka Ulaya kuwa maana ya kwanza ya neno hili, imeandikwa kutoka pwani ya mashariki. Wanafunzi watakaokwenda Kigoma kukusanya data, nawaomba waanzie kwenye mwalo wa Kibirizi. Wamwulize mvuvi ng'ambo ni wapi, nao waandike anakoelekeza mkono kabla ya kuandika anachosema.